Seti ya vipande 12 au sufuria moja moja? Namna ya kukagua vyombo vya jikoni kabla ya kulipa

SWALI: Ninahamia katika nyumba yangu ya kwanza na nimezunguka katika maduka kadhaa ya jijini nikitafuta vyombo vya jikoni. Duka moja linauza seti ya sufuria yenye vipande 12 kwa bei iliyopunguzwa sana, lingine linauza moja moja kwa bei ya juu. Je, nichukue seti? Nitatambuaje chombo imara nikiwa dukani, ambako siwezi kupika wala kuosha? Maneno ya kwenye maboksi kama "stenlesi 18/10", "graniti" na "indaksheni" yana maana yoyote? Muuzaji mmoja ameniambia nipime kwa sumaku, kwamba ikinasa basi sufuria ni feki. Pia nahitaji birika la umeme, blenda, ndoo na taulo.

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri wangu ni kwamba uiache hiyo seti, ununue chombo kimoja kimoja, na sehemu kubwa ya fedha zako uielekeze kwenye vyombo vinavyokaa motoni na vile vinavyokata. Sahani, vikombe, mabakuli na vikapu vinaweza kusubiri, au kununuliwa kwa bei ya chini bila majuto makubwa. Sufuria mbovu na kisu kibovu vitakusumbua kila siku ya maisha yako katika nyumba hiyo, na mwishowe utavinunua mara ya pili.

Kabla ya kupiga hesabu ya punguzo, hesabu kwanza vipande vyenyewe. Watengenezaji wengi huhesabu kila kifuniko kuwa kipande, na baadhi huhesabu hata upawa, mwiko na vijiko vya plastiki vilivyotiwa humo ili boksi lionekane limejaa. Kwa hesabu hiyo, vipande 12 vinaweza kuwa sufuria nne, vifuniko vinne, na vijiko vinne ambavyo usingevinunua hata vikiuzwa kwa nusu ya bei. Ukizitoa hizo sufuria nne na kuzipanga sakafuni, mara nyingi utaona kwamba mbili zinakaribiana mno kwa ukubwa kiasi kwamba moja haitakuwa na kazi, na kwamba iliyo kubwa kuliko zote bado haitoshi siku utakapopata wageni. Gawa bei ya seti kwa idadi ya sufuria utakazozitumia kweli, kisha linganisha na bei ya sufuria moja nzito katika lile duka la pili. Punguzo mara nyingi huyeyuka hapo hapo.

Kuhusu ukubwa, fahamu kwamba kipenyo kinachoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa juu, kwenye ukingo, wala hakikuambii kitako kina upana gani au chombo kina kina gani. Nenda dukani na futi ya kupimia. Sufuria yenye kipenyo cha sentimita 20 na kimo cha sentimita 10 hubeba lita 3 hivi, na yenye kipenyo cha sentimita 24 na kimo cha sentimita 12 hubeba zaidi ya lita 5. Kwa hiyo zile sentimita 4 zinazoonekana ndogo rafuni zinakaribia kukuongezea ujazo maradufu. Kumbuka pia kwamba chombo hakipikiwi hadi ukingoni, bali robo yake hivi huachwa wazi ili kinachochemka kisimwagike. Kwa nyumba ya watu wawili hadi wanne, mimi huona sufuria tatu zinatosha, yaani ya lita moja na nusu, ya lita 3, na ya lita 5 au 6, pamoja na kikaango kimoja chenye kipenyo cha sentimita 26 au karibu na hapo. Nyingine utaziongeza baadaye, ukishajua unapika nini zaidi.

Sasa tuingie kwenye madini, kwa sababu hapo ndipo maneno ya boksi yanapochanganya watu. Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu hiyo hushikana na oksijeni na kutengeneza utando mwembamba usioonekana kwa macho, ambao huzuia kutu na hujirudia wenyewe unapokwaruzwa. Anayetajwa zaidi kwa kuianzisha ni Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, na visu vya mezani vilikuwa miongoni mwa bidhaa za kwanza kutengenezwa nayo. Namba zilizoandikwa 18/10 au 18/8 hueleza mchanganyiko: asilimia 18 ya kromiamu, kisha asilimia 10 au 8 ya nikeli. Ile iliyoandikwa 18/0 haina nikeli, nayo si feki hata kidogo, ila huvumilia chumvi na tindikali kwa kiwango cha chini kuliko ndugu zake. Wengine huandika namba za daraja badala ya asilimia: 304 ni ya familia ya 18/8, na 430 ni ya familia ya 18/0. Kuna pia 201, ambayo sehemu kubwa ya nikeli yake imebadilishwa kwa manganizi kwa kuwa nikeli ni ghali. Hiyo hung'aa vizuri kabisa siku ya kwanza, lakini hushikwa na kutu mapema zaidi, hasa penye chumvi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye sumaku. Muuzaji wako alishika nusu ya jambo. Ni kweli kwamba 18/10 na 18/8 kwa kawaida hazinasi sumaku, au hunasa kwa udhaifu sehemu zilizokunjwa sana kiwandani, na ni kweli kwamba 18/0 hunasa vizuri. Lakini 201 nayo hainasi, kwa hiyo kipimo chake kitaipitisha sufuria dhaifu sawasawa na ile bora. Isitoshe, sufuria nyingi nzuri huwekewa kwa makusudi bamba linalonasa sumaku chini ya kitako ili ziweze kutumika kwenye jiko la indaksheni, yaani jiko la umeme linalopasha chombo chenyewe kwa nguvu za sumaku. Ukifuata ushauri wa muuzaji utazikataa hizo, nazo ndizo pengine bora kuliko zote dukani. Beba sumaku ndogo kwa kazi moja tu: ikikamata kitako kwa nguvu, sufuria itafanya kazi kwenye jiko la indaksheni, isipokamata, haitafanya. Kama huna jiko hilo wala hufikirii kulinunua, neno "indaksheni" lisikufanye ulipe zaidi.

Jambo linaloamua namna sufuria ya stenlesi itakavyopika ni kitako chake, nami ningependa utumie muda mwingi zaidi hapo kuliko mahali pengine popote. Stenlesi hupitisha joto vibaya. Alumini hulipitisha zaidi ya mara 10 kuliko stenlesi, na shaba nyekundu zaidi ya mara 20. Ndiyo maana sufuria ya bamba moja jembamba la stenlesi huunguza chakula pale ulimi wa moto unapogusa na kukiacha kibichi pembeni. Watengenezaji makini hutibu kasoro hiyo kwa kuweka alumini au shaba katikati ya matabaka mawili ya stenlesi, ama kwenye kitako peke yake, ama katika mwili mzima wa sufuria hadi ukingoni. Aina ya pili ni ghali na ni nzuri kwa kikaango, ambacho hupata joto hadi pembeni. Kwa sufuria ya kuchemshia, aina ya kwanza inatosha kabisa.

Geuza sufuria kichwa chini, uitazame kwa ubavu usawa wa macho. Kama ina kitako kilichobandikwa, utaona mstari unaoizunguka pale bamba lilipoungana na mwili. Unene wa bamba hilo ukifika milimita 4 hadi 6, umepata kitu. Angalia pia kama bamba limefika hadi kwenye kona ya sufuria. Likiwa dogo kuliko kitako, kwenye jiko la gesi moto utapanda nje ya bamba na kugusa stenlesi tupu, na hapo patakuwa na pete ya kuungua ambayo hutaifuta kamwe. Kisha isimamishe sufuria juu ya kioo cha kabati au meza iliyonyooka na ubonyeze ukingo upande huu na upande ule kwa vidole. Ikichezacheza, irudishe. Ukiweka ubapa wa rula kwenye kitako ukaona mwanga mwembamba katikati, usishtuke, kwa kuwa vitako vingi hutengenezwa vikiwa vimebonyea kidogo kwa ndani ili vinyooke vinapopata moto. Cha kukataa ni kitako kilichotuna kwa nje, kwa sababu kitazidi kutuna, na mafuta yatakuwa yanakimbilia pembeni kila unapokaanga.

Baada ya kitako, nenda kwenye maungio. Mikono ya sufuria hufungwa kwa ribiti, yaani misumari ya chuma iliyopondwa vichwa pande zote mbili, kwa kuchomelewa, au kwa skrubu. Ribiti hudumu, ingawa vichwa vyake vya ndani hukusanya uchafu na huhitaji kusuguliwa. Pitisha ukucha kuzunguka kila kichwa, na ukucha ukizama ujue kuna mwanya. Mikono iliyochomelewa ni rahisi kuosha, lakini ubora wake hutegemea idadi na upana wa alama za kuchomelea, na ile iliyoshikwa kwa vidoa viwili vidogo huachia siku ambayo sufuria imejaa. Mikono ya skrubu hulegea, ila wewe mwenyewe unaweza kuikaza tena, na hiyo ni faida ambayo watu huidharau. Unapoijaribu dukani, usiipime sufuria ikiwa tupu kama wanavyofanya wengi. Sufuria ya lita 3 ikijaa inaongezeka kilo 3, tena ya kitu kinachochemka. Ishike kama vile unamimina, uone kama kiganja kinapata nafasi bila vifundo vya vidole kugusa ukuta wa chombo.

Kifuniko kikalie sufuria bila kucheza na bila kukwama. Kizungushe mzunguko mzima, kwa maana sufuria iliyoanguka ghalani huwa na ukingo uliopinda, na kifuniko hukwama mahali hapo hapo kila kinapozunguka. Tazama pia namna ukingo ulivyokunjwa. Ukingo uliokunjwa nje na kuacha ufa chini yake huingiza maji wakati wa kuosha, na kutu huanzia humo. Kifuniko cha kioo hukuonyesha chakula bila kufunua, lakini kione kina pete ya chuma iliyokishika vizuri na tundu la mvuke.

Sufuria za alumini tupu zina sifa mbaya kuliko zinavyostahili. Ni nyepesi, hupata joto haraka na kwa usawa, na bei yake ni ya chini. Udhaifu wake ni tindikali: nyanya, ndimu na siki huila alumini, hubadilisha rangi ya chombo na wakati mwingine ladha ya chakula, kwa hiyo usiache mchuzi wa nyanya ulale humo. Alumini iliyotiwa ngozi ngumu kwa umeme, ile yenye rangi ya kijivu iliyokolea, hupunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Ninayoikataa ni sufuria nzito ya alumini iliyosubiwa, yaani kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kutokana na vyuma chakavu, isiyo na alama ya mtengenezaji, yenye vishimo vidogo na uso unaokwaruza. Vipimo vilivyofanywa katika nchi kadhaa vimekuta madini ya risasi katika vyombo vya namna hiyo, na madini hayo huathiri ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kuipikia sufuria hiyo mara nyingi au kuisugua hakuondoi risasi.

Kwa upande wa vikaango visivyogandisha chakula, utando wake mweusi kwa kawaida ni PTFE, ambayo wengi huiita Tefloni, kitu alichokigundua mkemia Roy Plunkett mwaka 1938, na ambacho Mfaransa Marc Grégoire alikitia kwenye vikaango katika miaka ya 1950. "Graniti" na "marumaru" za kwenye maboksi hazikuchimbwa mlimani. Mara nyingi ni utando ule ule wa PTFE uliotiwa madoadoa ya rangi, na wakati mwingine ni utando wa kauri, ambao huvumilia moto mkali zaidi lakini hupoteza utelezi wake mapema. Maneno "haina PFOA" nayo yasomwe kwa uangalifu. PFOA ilikuwa kemikali iliyosaidia kutengeneza PTFE, na mwaka 2019 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm wa kuzuia kemikali sugu. Kikaango kinaweza kuwa hakina PFOA na bado kikawa cha PTFE, kama vilivyo vingi vinavyotengenezwa sasa. PTFE yenyewe haina shida kwenye moto wa kawaida, ila huanza kuharibika inapopita nyuzi joto 260 hivi, na kikaango kitupu kilichoachwa kwenye moto mkali hufika huko kwa dakika chache. Moshi wake huua ndege wa kufugwa ndani. Kwa kuwa kila utando una mwisho wake, usinunue kikaango cha aina hii kwa bei ya chombo cha maisha. Kimoja tu cha wastani kinatosha, kwa ajili ya mayai na samaki. Chagua chenye mwili mnene, kwa maana kilicho chembamba hupinda kabla hata utando haujachakaa. Nyama na kila kinachohitaji moto mkali kipate kikaango cha stenlesi au cha chuma cha kusubu. Hicho cha kusubu ni kizito na hudai kupakwa mafuta baada ya kuoshwa na kukaushwa, lakini hata ukikipata kimetumika kwa miaka mingi na kina kutu juu juu, kutu hutoka na chombo hurudi kazini.

Visu huuzwa kwa seti pia, vikiwa vimechomekwa kwenye kigogo cha mbao, nami nasema jambo lile lile: chukua kimoja kikubwa chenye ubapa wa sentimita 20 hivi na kidogo cha kumenyea, basi. Tafuta maandishi yaliyogongwa kwenye ubapa. Ukikuta X50CrMoV15, hicho ni chuma chenye kaboni ya nusu asilimia na kromiamu ya asilimia 15, ambacho hushika makali vya kutosha, hunoleka nyumbani bila taabu, na hakishiki kutu kirahisi. Ugumu wake kwa kipimo cha Rockwell huwa kati ya 54 na 58 hivi. Visu vya Kijapani vinavyopita 60 hukaa na makali kwa muda mrefu, lakini hupukutika makali vinapogonga mfupa, na si vya kuanzia. Angalia msuka, yaani ule mkia wa ubapa unaoingia kwenye mpini: ukiuona umepita kati ya mbao mbili hadi mwisho wa mpini, mpini hautachomoka. Wengine huficha msuka mfupi ndani ya plastiki, na kisu cha namna hiyo hukitambui hadi kimevunjika. Kisu kinachotangazwa kuwa hakihitaji kunolewa kiache pale kilipo, kwa kuwa makali yake ya meno madogo yakiisha huwa hayarudi. Fedha utakayookoa nunulia kinoo na ubao wa kukatia wa mti au plastiki. Ubao wa kioo unapendeza macho na humaliza makali ya kisu chochote.

Vyombo vya kioo vya kuoka vinahitaji swali moja tu kwa muuzaji: ni kioo cha borosilikati au ni kioo cha kawaida kilichoimarishwa? Borosilikati, ambayo ilianza kuuzwa kama vyombo vya kuokea kwa jina la Pyrex mwaka 1915, hutanuka kwa joto chini ya nusu ya kioo cha kawaida, kwa hiyo huvumilia zaidi kutoka kwenye friji hadi kwenye oveni. Kioo kilichoimarishwa huvumilia kuanguka vizuri zaidi, lakini kikishtuliwa kwa baridi na joto hupasuka vipande vipande. Jina lililo kwenye boksi pekee halikuhakikishii ni kipi. Sahani za udongo na kauri zenye michoro ndani, hasa nyekundu, chungwa na njano, zipapase kwa kidole. Mchoro ukiuhisi umeinuka juu ya ngozi ya sahani, ujue umetiwa juu ya vernishi, ile ngozi inayong'aa, na rangi hizo zinaweza kuwa na madini ya risasi au kadimiamu, metali nyingine yenye sumu. Sahani hiyo iwe ya kupamba ukuta.

Plastiki ina pembetatu yenye namba 1 hadi 7, utaratibu ulioanza mwaka 1988 kwa ajili ya kutenganisha taka. Namba hiyo hutaja aina ya plastiki, wala si cheti cha usalama. Kwa chakula cha moto tafuta namba 5, ambayo huvumilia maji yanayochemka, pamoja na alama ya glasi na uma inayoonyesha kwamba chombo kimetengenezwa kugusa chakula. Namba 1 na 6 si za vitu vya moto. Melamini, zile sahani nyepesi zisizovunjika zinazofanana na kauri, zinafaa mezani, lakini hazifai kwenye maikrowevu wala kupikia, kwa kuwa zikizidi nyuzi joto 70 huanza kuachia kemikali kwenye chakula.

Ndoo na mabeseni yakague kwenye shikio na kwenye kona za chini, uyaminye kidogo. Plastiki inayogeuka nyeupe pale unapoiminya itapasuka mapema. Taulo huandikwa uzito wake kwa mita ya mraba: gramu 400 ni nyepesi na hukauka haraka, gramu 600 ni nene na hufyonza zaidi, lakini hunuka kama nyumba yako haina mahali penye upepo wa kuanikia. Kwa nyumba ya ghorofani isiyo na kamba ya nje, mimi ningechagua ile nyepesi.

Kuhusu vifaa vya umeme, soma kwanza kibandiko kilicho chini ya kifaa chenyewe, usiridhike na kilichoandikwa kwenye boksi. Sehemu kubwa ya dunia hutumia volti 220 hadi 240, na nchi kadhaa, ikiwemo Marekani, hutumia 110 hadi 120. Kifaa cha volti 120 ukikichomeka kwenye 230 kitaungua mara moja, na vifaa vya namna hiyo huingia madukani kupitia mizigo ya mitumba. Birika la umeme lisikutishe kwa wati nyingi. Birika la wati 2,000 huchemsha lita moja ya maji kwa dakika 3 hivi, la wati 1,000 huchukua karibu mara mbili, na umeme unaotumika hukaribia kulingana. Unachonunua kwa wati zaidi ni muda, ili mradi nyaya na soketi za nyumba yako zinauhimili mzigo huo. Ndani ya birika chungulia kama kuna plastiki inayogusa maji, na kama mfuniko unafunguka kiasi cha kuingiza mkono wa kuoshea. Kwa blenda, wati zilizotangazwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni za kilele cha sekunde chache, kwa hiyo tazama zile za kibandikoni, kisha uliza kama jagi, mpira na visu vyake vinauzwa peke yake. Blenda isiyo na spea ni kifaa cha mwaka mmoja au miwili. Swali hilo hilo lina uzito zaidi kwa sufuria ya presha, ambayo hupika kwenye nyuzi joto 120 hivi badala ya 100: mpira wake wa kifuniko lazima ubadilishwe unapokakamaa, na vali yake ya usalama isiwe ya kubahatisha. Usiinunue ikiwa imetumika.

Nenda siku ya kazi, mchana, wakati wahudumu wana nafasi na unaweza kufungua maboksi bila kusukumwa. Elewa kwamba baadhi ya wanaokushauri rafuni wameajiriwa na kampuni ya bidhaa moja, si na duka; waulize wanauza ya nani, kwa upole, na wengi watakuambia. Kabla ya kurudi kwenye duka lile kubwa, pitia pia maduka yanayouza vifaa kwa hoteli na migahawa. Bidhaa zao hazina maboksi ya rangi, lakini sufuria zao huuzwa moja moja, zina kitako kinene, na mtu yeyote anaruhusiwa kununua isipokuwa pale wanapouza kwa jumla tu. Chombo ulichokikagua rafuni ndicho uombe kufungiwa. Kama wanakuletea kingine kutoka ghalani, kifungue na kukikagua upya papo hapo kwenye kaunta. Vifaa vya umeme viwashwe mbele yako, birika likiwa na maji na blenda ikisaga kitu, na kadi ya waranti igongwe muhuri yenye tarehe. Uliza pia kabla ya kulipa kama bidhaa ya punguzo inarudishwa ikiwa na kasoro, maana maduka mengi huiwekea masharti tofauti. Risiti nyingi za siku hizi huchapwa kwenye karatasi inayofifia baada ya miezi michache. Zipige picha siku hiyo hiyo, pamoja na namba iliyo chini ya kila kifaa.